Mahame ya bibi na nukta 14

Nimerudi fildi jana usiku nina vumbi mpaka kwenye kope, nikaoga, nikala ugali wa uwele na mlenda bibi alivyonifungia, halafu nikafungua laptopu niandike ripoti ya supavaiza. Haikuandikika. Basi naandika hapa kwanza.

Kwa ambao hamjui, nasoma masta, akiolojia ya mandhari. Watu wakisikia akiolojia wanawaza Olduvai, mafuvu, kuchimba. Sisi mara nyingi hatuchimbi kabisa, tunatembea tu na kuangalia nchi ilivyokaa, njia ilipita wapi, kwa nini watu walijenga huku wakaacha kule, na huu udongo mwekundu uliojaa bondeni uliporomoka lini. Kule Kondoa, kwenye vilima vya Irangi, watafiti walipima ni lini chembe za mchanga ziliona jua mara ya mwisho, ikaonekana mmomonyoko wa awamu hii ya sasa ulianza kama miaka 900 iliyopita, yaani kabla ya mkoloni, na mbali sana kabla ya HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, kuja mwaka 1973 na baadaye mifugo kuondolewa. Niliposoma hilo ndo nikasema hiki kitu nakisoma, maana mimi nilikua nikiamini babu zetu wa juzi ndo walioiharibu ile ardhi na ng'ombe wao.

Eneo langu mimi ni dogo, upande wa Chamwino. Nilianzia kwenye picha. Kuna setelaiti za kijasusi za Marekani zilizopiga picha sehemu nyingi za dunia kuanzia 1960 mpaka 1972, picha zikafunguliwa kwa watu wote mwaka 1995, na sasa wanaakiolojia wanazipenda kuliko kitu chochote kwa sababu zinaonyesha nchi kabla haijabadilika. Nikachukua ya kwetu, nyeusi na nyeupe, nikailaza juu ya picha ya leo ya Google Earth. Kwenye ile ya zamani kuna vijimraba vidogo vimetawanyika porini, kila kimoja peke yake. Kwenye ya leo hakuna. Nikaweka nukta, zikafika 14.

Nilijua ni matembe, zile nyumba za udongo za Wagogo zenye paa bapa. Na nilijua kwa vitabu kwamba mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, Wagogo waliokuwa wanakaa mbalimbali, kila mtu na tembe lake na zizi lake, wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Nilichokuwa sijui ni kwamba nukta namba 6 ni kwa bibi yangu. Hakuwahi kusema! Miaka yote nimelala nyumbani kwake kila likizo, hakuwahi kusema. Nilimuuliza kwa simu tu kama anawajua watu waliokaa kule, akanyamaza kidogo, akaniambia, "Njoo unichukue, mama."

Tukaenda asubuhi mapema, bibi kwenye bodaboda moja na mimi nyingine na jipiesi yangu na daftari. Ni kiangazi, nyasi zimekauka, ndo wakati mzuri wa kutembea maana ardhi inaonekana. Kila tunayekutana naye ni salamu ya Kigogo, "mbukwenyi, mbukwenyi", na kila mmoja lazima aelezwe mimi ni mtoto wa nani.

Hame, yaani mahali watu walipokaa wakahama, ukishalijua hulipotezi tena. Kwanza minyaa, minyaa ikiota imenyooka mstari jua kuna mtu aliipanda, pori halipigi mstari. Halafu kifusi cha tembe, kichuguu kirefu cha chini chini cha udongo mwekundu, mvua za miaka 50 zimekilainisha. Halafu pale palipokuwa zizi udongo ni wa kijivu, laini, na majani yake ni tofauti na ya jirani, samadi haisahauliki haraka. Na vigae vya vyungu. Mimi nilikuwa nayapima hayo yote kwa futi kamba, nageuka namuona bibi ameshafika mbele anatembea kwenye mlango ambao haupo, ameinama kabisa kama anapita chini ya boriti.

Kuna jambo lilikuwa linanisumbua wiki nzima, vile vifusi ni vidogo mno kwa matembe makubwa yale na hakuna hata alama ya nguzo. Nikadhani nimekosea nukta. Bibi akasema miti walibeba. Walibomoa paa wakabeba nguzo na boriti kichwani mpaka kijiji kipya, kwa sababu mti mzuri wa kujengea haupatikani hovyo, na ukuta bila paa unakaa misimu michache tu. Sentensi moja, na sura nzima ya tasnifu yangu ikabadilika. Walichoacha ni kile wasichoweza kubeba.

Jiwe la kusagia lilikuwepo. Limezama nusu, limeinamia upande. Bibi akakaa chini, akafuta vumbi, akaingiza kiganja kwenye lile bonde la jiwe na kiganja kikaenea. Akasema ni la mama mkwe wake. Hakulia, mimi ndo nililia.

Sasa ndo kinachoniuma. Jiji linakuja. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma viwanja vinapimwa kila upande, barabara ya mzunguko ya kilomita 112 inazunguka mji, na kwenye nukta 3, 9 na 10 nimekuta mawe ya mipaka ya viwanja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vilivyotengenezwa au kujengwa kabla ya 1863, vingine mpaka Waziri avitangaze. Jiwe la mama mkwe wa bibi na lile tembe havimo. Na mhadhiri mmoja alishaniambia haya si akiolojia, ni historia ya juzi, nitafute kitu cha zamani zaidi. Nimemheshimu nikanyamaza, ila simkubalii. Kikingoja kuwa cha zamani kitakuwa chini ya msingi wa nyumba ya mtu, na aliyejua mlango ulikuwa wapi hatakuwepo.

Jiwe sijaligusa. Nimelipiga picha, nimechukua vipimo, nimeliacha alipoliacha mwenyewe, bibi ndo ameamua hivyo.

Nukta 12 zina majina sasa, nani alikaa, alihamia wapi. Zimebaki namba 11 na 14, hizo bibi hazikumbuki, anasema anayezijua ni mwanamke mmoja aliyeolewa mwaka uleule na yeye, yuko Hombolo kama bado mzima. Jumamosi tunaenda kumtafuta.