Homa Iliyokuja Mara Tatu

Likizo ya Juni mwaka 1994, nikiwa na miaka 13, nilipelekwa kwa Bibi, kijijini Dodoma. Nyumba yake ilikuwa tembe hasa: paa bapa la udongo, kuta za udongo, sakafu yenye nyufa za kuingiza kidole. Nikatandikiwa mkeka kando ya ukuta. Bibi akanitazama, akacheka, "Papasi leo watafurahi. Damu ya mjini hii!"

Nikadhani ni utani wa bibi na mjukuu.

Usiku sikuhisi kitu. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania mwilini siku kadhaa. Papasi, kupe wa nyufa za nyumba, ana haraka zake. Hutoka ufani gizani, hunyonya kama nusu saa, akishiba anarudi zake, nawe bado unakoroma. Asubuhi niliona vidoa viwili vyekundu kifundoni, nikavikuna, nikaenda kuchunga.

Homa ilinikuta nimesharudi Morogoro, tena darasani. Ilikuja ghafla: meno yanagongana kwa baridi, kichwa kinapasuka, magoti na mgongo vinauma, natapika hata maji matupu. Zahanati wakasema malaria, bila kutoa hata tone la damu. Siwalaumu sana, enzi zile kila homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na nani angethibitisha? Nikapewa klorokwini, ikaniwasha usiku kucha hadi nikajikuna kwa gunzi. Siku ya nne nikatokwa jasho la kulowesha shuka, homa ikakatika. Mama akasifu dawa.

Kumbe homa ile hukatika yenyewe. Mwili huwatambua bakteria wanaoileta na kuwaua wengi, lakini wachache hubadili koti la nje, mwili ukawapoteza, wakazaliana upya. Wiki moja baadaye nilianguka uwanjani, mpira ukiwa mguuni. Klorokwini tena, mwasho tena, nafuu tena. Mara ya tatu Mama alinibeba hadi hospitali kubwa.

Mtaalamu wa maabara, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinitoboa kidole homa ikiwa juu. Alipoinua kichwa kutoka kwenye hadubini hakuniuliza naumwa nini. Aliuliza, "Kijana, likizo ulilala wapi?"

"Kwa bibi yake, Dodoma," Mama akajibu.

"Kwenye tembe?"

Akaniita nichungulie. Chembe za damu zilikuwa zimetulia kama dengu kwenye sinia, halafu moja ikatikisika, na nyingine jirani yake. Katikati yao kulikuwa na kitu chembamba kilichojikunja kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta, kinajinyonganyonga na kuzisukuma. "Homa ya papasi," akasema. Nilisahau kuumwa kwa muda.

Jina la kitabibu la kijidudu kile cha kwenye hadubini nililijua ukubwani: Borrelia duttonii, kwa heshima ya Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiichunguza homa hii Kongo, ikamuua hukohuko, mjini Kasongo, mwaka 1905. Mwaka huohuo Robert Koch, daktari Mjerumani mtafiti wa vijidudu, akiwa huku kwetu enzi za Wajerumani, aliwakuta vijidudu ndani ya mayai ya papasi. Maana yake papasi huwarithisha wanawe, na nyumba hubaki na ugonjwa hata wageni wasipofika.

Daktari alinianzishia tetrasaikilini, akamwonya Mama: "Dozi ya kwanza itamtetemesha kuliko homa yenyewe. Vijidudu vinakufa kwa mkupuo. Msiogope." Mama aliogopa. Kitanda kiligonga ukuta mpaka wagonjwa wa jirani wakaamka. Alfajiri niliomba uji.

Desemba nilirudi kwa Bibi. Nilikuta kitanda cha kamba kimewekwa katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne. Mkeka ulikuwa palepale kando ya ukuta, na Bibi alikuwa akijilaza juu yake.

"Wewe je, Bibi?"

"Mimi wameshanizoea," akasema, akavuta kaniki hadi mabegani.