Niko likizo Dar kwenye masika ila simu bado inalilia Oklahoma

Kila nikirudi nyumbani watu wananiuliza mambo mawili, mshahara na tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama mnara kutoka kwenye wingu mpaka chini. La mshahara nalikwepa. La tonado ndo naliandika leo maana nimechoka kulielezea upya kila kibaraza, mamdogo wa Magomeni kaniuliza, bodaboda kaniuliza, juzi mzee wa kahawa pale kijiweni Kigogo kanishika kabisa mkono, "hivi mwanangu, nyie mnaliona dude linakuja halafu mmekaa tu ndani mnalisubiri?"

Ndio mzee wangu, tunalisubiri, ila tunalisubiri kwa ratiba.

Mimi naishi pembeni ya Oklahoma City, Marekani ya katikati kule, tambarare mpaka macho yanachoka. Nimekuja Aprili, kila mtu ananiambia umekosea msimu, umekuja na mvua, nawaambia jamani nyie hamjui nimekimbia nini. Majira ya kuchipua kule hayana adabu. Asubuhi unakwangua barafu kwenye kioo cha gari, saa nane mchana umefungulia AC na fulana imelowa, jioni mvua ya mawe inatoboa taa za gari, usiku umerudia koti. Na sio maneno ya vijiweni haya, tarehe 11 Novemba 1911 mji huohuo uliweka rekodi ya joto na rekodi ya baridi ndani ya siku moja, mchana nyuzi 28 kabla usiku haujaisha ziko chini ya sifuri karibu nyuzi 8, na hiyo ni Novemba, sio hata msimu wenyewe wa vituko. Aprili na Mei ndo kiama.

Sababu ni mahali penyewe palipo. Upepo wa kusini unaleta hewa ya joto yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico, yaani hewa kama hii yetu ya Dar kabisa ya kunata shingoni, magharibi kunakuja hewa kavu ya jangwa, na juu huko kunapita hewa baridi inayoshuka kutoka milima ya Rocky. Zote zinakutana juu ya vichwa vyetu. Halafu kuna kitu wenyeji wanakizungumzia sana, tabaka la hewa ya moto linalokaa katikati na kuifunika ile ya chini isipande. Hapo ni kama sufuria ya wali uliyoipalilia mkaa juu ya mfuniko, unaweza ukaona kimya siku nzima, jua linawaka, watoto wanacheza nje, na mfuniko ukigoma kufunguka basi siku imeisha salama na watu wanaanza kuwatukana watabiri kwamba wametutisha bure. Ukifunguka saa kumi jioni sasa, wingu linapanda kilomita zaidi ya 12 kwenda juu ndani ya muda mfupi tu, na kwa vile upepo wa chini unavuma huku na wa juu unavuma kule, wingu zima linaanza kuzunguka. Sio kila wingu la hivyo linatoa tonado, mengi hayatoi. Ila hakuna anayeweza kukuambia asubuhi ni lipi litatoa.

Ndo maana utabiri wao unakuja kwa hatua, na hiki ndo kitu nilichokipenda kule kuliko hata barabara zao. Pale Norman, mji wa jirani tu na sisi, kuna kituo cha serikali kinachotabiri dhoruba kali za nchi nzima, wanaanza kuonyesha eneo la hatari hata wiki moja kabla. Siku zikikaribia wanaweka ngazi, 1 mpaka 5, na rangi kwenye ramani. Ngazi ya 2 mtu anaenda kazini kama kawaida. Ya 4 shule zinafunga mapema, bosi mwenyewe anakuambia zima mashine nenda nyumbani, na yeye ni bosi ambaye hata ukiwa na homa hakuruhusu. Ya 5 ni mara chache mno, ikitoka hata wale wazee wanaokaa kibarazani kuangalia mawingu na kikombe cha kahawa wanaingia ndani. Baada ya ngazi, mchana kunatoka tangazo kwamba mazingira yameiva, kaeni macho kwa saa kadhaa. Na mwisho kabisa ndo onyo lenyewe, hilo sasa linachorwa kwenye ramani kwa vijipembe, mtaa huu umo, mtaa ule haumo, mpaka saa fulani na dakika fulani. Kwenye TV vipindi vyote vinakatwa, mpira hakuna, tamthilia hakuna, ni mtu na ramani na helikopta hewani inafuata wingu, anakutajia barabara kwa barabara kama konda wa daladala, limepita njia panda hii, dakika saba zijazo litakuwa pale. Ukisikia barabara yako unaingia.

Unaingia wapi? Mzee wa kahawa aliuliza hivyohivyo. Nyumba za kule nyingi hazina chumba cha chini ya ardhi, wenye uwezo wanachimba shimo kwenye sakafu ya gereji wanazika sanduku la chuma, unasogeza mfuniko unashuka ngazi mnakaa magoti yanagusana. Sisi wapangaji tuna kabati la nguo. Chumba cha katikati kabisa, kisicho na dirisha, ghorofa ya chini, unavaa helmeti ya baiskeli, viatu vimefungwa kamba (viatu ni muhimu, ukitoka nje ni misumari na vioo), unajifunika godoro. Majirani zangu familia ya Kikongo wanaingia mpaka na sufuria ya pondu (kisamvu chao), wanasema kama tunakufa tusife na njaa. Muda unaopewa mara nyingi ni dakika kumi na kitu, siku nyingine huna hata hizo.

Msifikiri ni sinema. Tarehe 3 Mei 1999 tonado moja ilipita Bridge Creek na Moore ikaua watu 36, upepo wake ulipimwa kwa rada ya kwenye gari ukazidi kilomita 480 kwa saa. Wako waliokufa kwa kujificha chini ya daraja la barabara kuu wakidhani zege litawakinga, kumbe pale chini upepo unabanwa unazidi kasi. Moore hiyohiyo ikapigwa tena 20 Mei 2013, watu 24, wakiwemo watoto waliokuwa shuleni. Na siku kumi na moja baadaye, El Reno, ikatokea yenye upana wa kilomita 4.2, pana kuliko zote zilizowahi kupimwa, na watu kwa uoga wakaingia kwenye magari kukimbia wakajaza barabara, foleni ya kutisha huku dude liko nyuma yao.

Kuna kisa kimoja cha kule huwa nakisimulia sana. Mwaka 1948 tarehe 20 Machi tonado ilivamia kambi ya jeshi la anga ya Tinker, hapohapo Oklahoma City, ikavunja ndege kibao. Jenerali akawaita maofisa wawili wa hali ya hewa, Fawbush na Miller, akawaambia tafuteni kama hiki kitu kinatabirika. Siku tano tu baadaye, tarehe 25, wakaangalia chati wakaona mbona ni zilezile, wakatoa utabiri, roho mkononi maana uwezekano wa sehemu moja kupigwa mara mbili wiki moja ni mdogo mno, ukikosea unakuwa kichekesho cha jeshi zima. Jioni ikaja. Palepale kambini. Ndege zilizowahi kuingizwa ndani zikapona. Kila onyo linaloniamsha mimi leo limeanzia hapo.

Na linaniamsha kweli, maana programu kwenye simu sijaizima. Kule saa kumi na moja jioni ndo mawingu yanaanza fujo, huku ni saa saba usiku, simu inapiga kelele mama anakuja mlangoni na kanga, "nani kafa?" Hajafa mtu mama, ni mvua ya mawe ukubwa wa mpira wa gofu imeshuka mtaani kwangu, nawaza gari tu na bima.

Sasa turudi huku. Watu wa hapa wakisikia utabiri wanacheka, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wakisema mvua ndo siku ya kuanika nguo, utani huo upo tangu niko shule. Kiukweli naona tunawaonea. Kimbunga Hidaya Mei 2024 walikitangaza siku kadhaa kabla, boti za Zanzibar zikasimamishwa, na tarehe 4 kikaingia Mafia. Halafu kutabiri mvua ya ukanda wetu ni kazi, Mbezi inamwagika, Posta jua kali, wingu limezaliwa baharini limefia Ubungo. Na wao siku hizi wana mpangilio mzuri tu, angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, na rangi zake, na wanakuandikia mpaka athari, baadhi ya makazi kuzungukwa na maji.

Tatizo langu liko kwenye ile sentensi ya mwisho ya tangazo lao, wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari. Tahadhari gani? Mtu wa bonde la Msimbazi anajua mvua inakuja, yeye hajifunzi kwenye redio, anauangalia mto. Anachokosa ni kuambiwa saa ngapi maji yatafika mlangoni kwake, aende wapi usiku ule na godoro na watoto, na nani atalinda vitu. Kule naambiwa ingia kabatini sasa hivi, utatoka saa kumi na mbili na robo. Tangazo la huku linataja mikoa, Dar es Salaam, Pwani, Tanga, visiwa vya Unguja na Pemba, eneo lote hilo kwa mstari mmoja. Mamdogo akisikia hivyo anabaki kuchambua mchicha, na mimi simlaumu. Angetajiwa Magomeni Mikumi saa tano usiku angenyanyuka.

Sasa hivi nje kumefunga, TMA wametoa angalizo la siku mbili. Jana nimekaa na fundi nyuma ya nyumba ya mama, tunapandisha kizingiti cha mlango wa uani kozi mbili kwa tofali za nchi sita na mtaro unazungushwa utokee upande wa barabara, sio kwa jirani maana jirani tayari ameshaanza kununa. Simenti imefika, mchanga bado, dereva wa kirikuu anasema hawezi kuingia mtaani mpaka pakauke. Mwenye fundi mwingine wa mitaro maeneo ya Kigogo anitumie namba inbox, huyu wa kwetu simu yake haipatikani tangu asubuhi na advansi ameshachukua.