Lori Nililolidhania Gunia

Leo nimefungua faili la zamani la PDDL nikajikuta nacheka peke yangu. PDDL ndiyo lugha tunayoitumia sisi watu wa upangaji, yaani wa kuifanya mashine ijipangie hatua, kuielezea kompyuta dunia: vitu gani vipo, vitendo gani vinawezekana, kila kitendo kinahitaji nini kabla na kinabadilisha nini kikishafanyika. Ilitengenezwa 1998 chini ya Drew McDermott, ili programu za watafiti mbalimbali zishindanishwe kwa mafumbo yale yale. Mama yake ni STRIPS, kazi ya Fikes na Nilsson ya 1971, iliyompangia hatua roboti Shakey. Miaka yangu yote kwenye akili mnemba imekuwa hiyo: kuipa mashine mwanzo na mwisho, nayo itafute njia.

Zamani niliamini ugumu wote uko kwenye huko kutafuta. Chukua matofali ya kuchezea. Matatu yanaweza kukaa mezani kwa namna 13, ukihesabu lipi liko juu ya lipi. Yakifika kumi, namna ni 58,941,091. Huwezi kuzipitia zote kila mara, kwa hiyo tunaidanganya mashine. Uongo ninaoupenda kuliko wote ni ule wa kujifanya kwamba hakuna kinachopotea: ukitoka chumbani uko nje, na bado umo chumbani. Katika dunia hiyo ya uongo fumbo linalegea, na hesabu ya hatua zake inakuwa dira ya kukuonyesha upande wa kwenda katika dunia ya kweli. Programu ya FF ya Jörg Hoffmann iling'ara kwa ujanja huo kwenye mashindano ya 2000. Tasnifu yangu nzima ilikuwa ya kuunoa uongo huo, na sijutii.

Halafu nikapelekwa ghalani.

Kazi ilikuwa kupanga upakiaji wa malori. Programu ikatoa mpango kwa sekunde chache, nikauchapisha, nikampelekea msimamizi wa upakiaji, mtu aliyeifanya kazi ile tangu mimi niko shule.

"Daktari," akasema bila kuinua macho, "mizigo ya kituo cha kwanza umeiweka wapi?"

"Imo ndani ya lori, mzee."

"Ndani wapi?"

Nikanyamaza. Ilikuwa ndani kabisa, kule karibu na kichwa cha lori, imezibwa na mizigo ya vituo vingine vyote. Dereva angefika kituo cha kwanza akaanza kushusha kila kitu barabarani.

Programu haikukosea popote. Mimi ndiye niliyeandika: ukipakia, mzigo umo, ukishusha, haumo. Basi. Kwangu lori lilikuwa gunia la ajabu, halijai, halina mbele wala nyuma. Na gunia lenyewe nililirithi bila kulihoji, kwa kuwa malori ya mafumbo ya mashindano ya 1998 ni hivyo hivyo. Makala kibao zimeandikwa juu yake, zangu zikiwemo.

Huwa najifariji kwa kisa cha Deep Space 1. Mei 1999 NASA walikiachia chombo hicho kijipangie shughuli na kuzitekeleza chenyewe huko angani, kikiongozwa na programu ya Remote Agent. Katikati ya jaribio sehemu mbili za programu zikakwama, kila moja ikimsubiri mwenzake, na injini haikuzimwa wakati wake. Kosa hilo halikuwahi kujitokeza katika majaribio ya ardhini. (Lilikuwa kwenye utekelezaji, si kwenye kipangaji. Sisi watu wa upangaji hatusahau kulitaja hilo.)

Siku hizi naulizwa kama modeli kubwa za lugha, zile programu za kuandika kama ChatGPT, zimetumaliza. Naziomba mpango, zinaniandikia kwa ulimi mtamu; nikiuhakiki, nakuta hatua ya sita inatumia ufunguo ulioachwa nyuma ya mlango kwenye hatua ya nne. Kuandika rasimu ya PDDL, hapo zinanisaidia kweli, siwezi kukataa. Juzi niliiomba moja inielezee upakiaji wa malori. Ikaandika safi, kwa dakika moja. Gunia lile lile.

Kule ghalani nilirudi na toleo la pili, malori sasa yana mbele na nyuma. Mzee akalipitia kwa kidole, mstari baada ya mstari, akiitikia kwa kuguna. Ukurasa wa mwisho kidole kikasimama.

"Mlango wa tatu hatuutumii mvua ikinyesha. Sakafu pale inateleza, foklifti haishiki."

Nikaandika pembeni kwa kalamu: mvua. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta leo kwenye faili. Milango ipo yote mitano, na yote iko wazi.