Peni ya Mwaka 1921: Nilivyojifunza Kuitambua Chapa ya Kweli

Sarafu yangu ya kwanza yenye chapa ya kugongwa ilikuwa ya uongo, na ninaona aibu kukiri kwamba ushahidi ulikuwa umeandikwa juu yake kwa tarakimu. Wakati huo nilikuwa nikisoma Uingereza, nikaikuta kwenye meza ya muuza vitu vya kale: peni kuukuu iliyogongwa, juu ya uso wa mfalme, maneno ya Kiingereza ya kudai wanawake wapewe kura. Ya kweli nilikuwa nimeiona British Museum, peni ya mwaka 1903 yenye sura ya Edward VII, ambayo wapigania haki hiyo waliigonga herufi moja moja mnamo 1913 au 1914, ilhali kuharibu sarafu lilikuwa kosa la jinai. Kwa furaha nikasoma herufi tu, nikalipa. Nilipofika chumbani ndipo nilipoigeuza nikakuta mwaka 1921, yaani miaka 3 baada ya sehemu kubwa ya wanawake waliotimiza miaka 30 kukwisha kuipata kura yenyewe.

Niliporudi Mombasa nilimpelekea mzee mmoja sonara wa Mji wa Kale. Habari za kura hizo hakuwa nazo, lakini madini anayajua. Aliweka peni nyingine iliyochakaa juu ya fuawe, akanipa chapa za herufi na nyundo, akasema, "Gonga mwenyewe, mwanangu, kisha pitisha ukucha." Nikagundua kwamba madini hayapotei yanapogongwa, bali husukumwa kando, hivyo herufi huzungukwa na ukingo mwembamba ulioinuka, na upande wa pili, palipolalia fuawe, picha hubapa. Sarafu ikiendelea kupita mikononi mwa watu, ukingo huo ndio unaolika kwanza, na uchafu hujaa ndani ya herufi sawa na pembeni yake. Kwenye peni yangu ukingo ulikuwa bado unakwaruza ukucha, na chini ya herufi shaba iling'aa nyekundu ilhali sarafu nzima ilikuwa nyeusi. Niliharibu peni kama 12 kabla ya macho kuzoea.

Mazoezi hayo yalinifaa nilipoletewa reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia huyo, ikiwa na chapa ya Hijazi, eneo la magharibi mwa Arabuni, aina ambayo waghushi wanaipenda mno. Hapa hila ya kutazama mwaka haisaidii hata kidogo, kwa sababu reale hizo, zilizotumika Zanzibar, Omani na Uhabeshi, ziliendelea kutengenezwa katika miji mbalimbali kwa zaidi ya karne moja na zote zikaandikwa 1780. Uzito ulikuwa sahihi, gramu 28, na fedha ilikuwa fedha. Nikaigeuza. Nyuma ya chapa, manyoya ya bawa la tai yalisimama moja moja, hayakubapa popote. Nikaelewa kwamba chapa ile haikugongwa, ilichongwa kwa ncha kali. Nikamrudishia mwenyewe kwa adabu, naye hakuuliza sababu.

Peni ya 1921 sikuitupa. Imo katika kopo moja na zile nilizoziharibu kwenye fuawe, na kusema kweli, herufi zangu zimepinda kuliko zake.