Siku moja maishani mwangu: kutoka kilomita 371 mpaka 512

Saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Naisukuma pikipiki kutoka kibarazani mpaka nje ya geti bila kuiwasha, maana mama wa nyumba namba tatu ana mtoto mchanga. Kawangware, mtaa wangu hapa Nairobi, bado imelala, isipokuwa wapika mandazi. Geji inasoma kilomita 371. Pikipiki ni mpya, nailoni ya kiti niliibandua juzi. Nilijiwekea akiba miaka miwili, na zamu yangu ya chama cha kuchangiana pesa ilipofika nikaongezea, nikailipa taslimu.

Majirani hawaelewi kazi yangu. Wananiona nikitoka gizani na helmeti na begi, narudi jioni nimejaa vumbi, sina abiria wala mzigo. Mmoja alimwambia mama yangu kwamba binti yake anazurura na nduthi. Mimi hupiga filamu za barabara. Wenye kambi na nyumba za wageni hunilipa ili mgeni aone njia itakayomfikisha kwao. Wengine wanaozitazama ni Wakenya walio mbali na nyumbani, na hao wananiandikia wakiniomba nisiweke muziki. Wanataka kusikia injini, upepo, na honi ya matatu pale Ngong.

Naiwasha barabarani, nasubiri dakika moja tu, naondoka polepole. Pikipiki mpya haiachwi ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu. Ndani ya silinda kuna mikwaruzo midogo sana iliyochorwa kiwandani makusudi, na ringi za pistoni zinapaswa kusuguana nayo mpaka chuma na chuma vikubaliane. Makubaliano hayo hupatikana katika kilomita za mwanzo. Ukiikamua mapema inapata joto kupita kiasi. Ukiibembeleza kwa mwendo uleule saa nzima, ringi hazikai vizuri na baadaye inaanza kula oili. Kitabu cha pikipiki yangu kinasema nisipite kilomita 50 kwa saa mpaka nifikishe 1,000. Fundi wangu ameongeza la kwake: panda na shuka, kaza na legeza, usiipandishe mlima kwa gia kubwa huku inatetemeka.

Ndiyo maana naipenda Barabara ya Magadi kwa kazi hii. Haina tambarare ndefu ya kukulaza usingizi. Inapanda, inakunja, inateremka.

Ngong Road, Dagoretti Corner, Karen, Bulbul, Ngong, Kiserian: baridi tupu. Nimeweka magazeti mawili kifuani ndani ya jaketi na bado meno yanagongana. Tairi nazo ni mpya, zina utelezi wa kiwandani ambao hauishi siku ya kwanza, kwa hiyo kwenye kona zenye umande siilazi pikipiki kabisa. Malori yananipita. Matatu zinanipita. Boda iliyobeba kreti za maziwa inanipita, na kijana anageuka kuniangalia akidhani nimeharibikiwa.

Saa kumi na mbili na nusu niko Kona Baridi, jua linachomoza nyuma yangu. Hapa ndipo milima ya Ngong inapoishia na nchi inaporomoka mbele yako hadi Bonde la Ufa. Asubuhi mwanga unatoka mgongoni mwa anayeteremka na kulipaka bonde lote rangi. Ikifika saa nne ukungu wa joto unapanda na kila kitu kinakuwa cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Kwa hiyo nina saa tatu za kazi. Nafunga kamera moja kidevuni mwa helmeti, nyingine kwenye chuma cha mbele, nachomeka maikrofoni iliyovikwa sponji chini ya kola. Nimepaka kioo cha kamera sabuni kidogo na kukipangusa ili kisishike mvuke.

Mteja alisema angefika saa kumi na mbili na nusu. Alifika saa mbili na dakika kumi.

Sitataja jina lake wala la kambi yake. Ni mtu mzima, ana gari kubwa jeupe, na alikuja na mpwa wake wa kushika simu. Hakuomba radhi kwa kuchelewa. Neno lake la kwanza: "Madam, dron iko wapi?" Nikamwambia, "Mzee, tulikubaliana kamera za pikipiki." Dron hapa Kenya ni lazima isajiliwe na anayeirusha awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mimi sina, na sirushi dron ya kuazima. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

Kona tuliyotaka iko chini kidogo ya Kona Baridi, inakunja kulia na bonde linafunguka ghafla. Sekunde kumi na moja za filamu. Zilinichukua muda wa karibu saa mbili.

Mara ya kwanza lori la mchanga lilikuwa mbele yangu likipanda kwa moshi. Mara ya pili nilikuwa peke yangu barabarani, kila kitu kimekaa sawa, na katikati ya kona nikasikia honi nyuma: ni yeye, amenifuata na gari ili aone ninavyofanya. Mara ya tatu gari lake tena, safari hii limeegeshwa katikati ya picha. Mara ya nne mbuzi walivuka, labda sitini, na mchungaji wao mzee aliinua fimbo kunisalimu. Nikafunga mafuta, nikapita polepole ukingoni, nikamwinulia mkono. Nikaihesabu kuwa imeharibika.

Mara ya tano ilitoka safi. Nilirudi juu nikamwonyesha kwenye simu. Akatazama mpaka mwisho, akasema, "Lakini unaenda kama unasindikiza jeneza. Wageni wangu ni vijana. Piga mia moja hapo."

Nikamweleza. Nilimweleza habari za ringi na silinda, nikamwonyesha geji. Nikamwambia pia kwamba wiki iliyopita sehemu hiyo ilikuwa na changarawe iliyomwagwa na malori na bado ipo kwenye mkunjo, na kwamba hata kama pikipiki ingekuwa ya miaka mitano nisingeichukua kona ile kwa mia. Akanijibu, "Pikipiki ni pikipiki. Kama hii haiwezi, ungekuja na nyingine." Mpwa wake akatazama chini. Nami nilihisi machozi ya hasira yakinipanda. Nilikuwa nimeamka saa kumi, sijala, na mtu huyu alikuwa ananifundisha kuua chombo kinachonilisha.

Nilivua glavu, nikakaa kwenye jiwe, nikaacha injini ipoe. Kupoa nako ni sehemu ya kuizoeza: ipate moto, ipoe, ipate moto tena. Kisha nikaihamisha kamera ya mbele, nikaifunga chini kabisa, karibu na pedali ya mguu, shibiri mbili kutoka lami. Lenzi pana ikikaa chini hivyo, lami inakimbia na mstari mweupe unakuja kama mshale. Kilomita 45 kwa saa inaonekana kama 90. Nimejifunza hili mwenyewe, kwa kuharibu kadi nyingi za memori.

Mara ya sita kamera ililegea. Mara ya saba nikateremka kwa gia ya tatu, mkono wa mafuta umefungwa, injini yenyewe ikinishika. Fundi wangu anaupenda sana mteremko wa namna hiyo kwa pikipiki mpya. Anasema ndio unaosafisha ringi. Nilipomwonyesha mzee, alitazama mara mbili. "Sasa umeongeza mwendo," akasema. Nikamwambia hapana, mzee, geji ilisoma 46. Akanyamaza. Tulikuwa tumekubaliana shilingi 15,000. Akanitumia 9,000 kwa M-Pesa, akasema nyingine nitazipata akishaona kazi yote, akaingia garini.

Nilikula nyama robo na ugali Olepolos. Nilikula kama mtu aliyeachiliwa.

Halafu nikateremka zaidi, peke yangu, kwa ajili ya filamu zangu mwenyewe. Kadiri unavyoshuka hewa inakuwa nzito na ya moto, majaketi yanafunguliwa moja baada ya jingine, na injini nayo inaanza kuvuta kwa nguvu ambayo Nairobi, kule juu karibu mita 1,700, hainayo. Pale Oltepesi kuna Olorgesailie, eneo la mabaki ya kale, ambako watafiti Louis na Mary Leakey walichimba miaka ya 1940 na kukuta mashoka ya mawe mengi mno, yamelala pale tangu mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Siingii, hufika getini tu na kugeuza. Barabara inaendelea mpaka Ziwa Magadi, lile lenye magadi yenyewe, lakini leo nimeamua kuishia hapa. Oili ya kwanza inatakiwa ibadilishwe kwenye kilomita 500, na sikutaka kuipitisha mbali.

Kurudi ni kupanda. Sikutazama saa tena. Jua lilikuwa usoni kwenye kila kona inayogeukia magharibi, mgongo umekuwa ubao, kiganja cha kulia kimekufa ganzi. Nilisimama mara tatu kupumzika, na mara moja kwa ajili ya cheni iliyoanza kugonga; cheni mpya hulegea siku za mwanzo, spana mbili na dakika kumi zinatosha. Kiserian mvua ya rasharasha. Ngong, msongamano. Nilikuwa nimekwama kabla ya mzunguko wa Karen, kati ya basi la shule na pikapu ya majani ya ng'ombe, geji ilipogeuka 500. Nilitaka kumwambia mtu. Nikaipapasa tangi.

Fundi alikuwa anafunga nilipofika, akafungua tena. Kwenye geji 512. Alifungua nati ya chini injini ikiwa bado moto, oili ikamwagika kwenye beseni, akanipa tochi ya simu. Ndani yake kulikuwa na mng'ao, chembe ndogo kama unga wa fedha. "Hizo ndizo zilizokuwa zikisuguana, dada," akasema, akachovya kidole akanionyesha kwenye mwanga. Hakuna kipande kikubwa, ni unga tu. Akamimina oili mpya, akaandika 512 kwenye utepe wa karatasi na kuubandika chini ya kiti.

Nyumbani nilihamisha kadi zote mbili kabla ya kuoga, maana nikioga kwanza nalala. Nikazipitia zile saba. Ya saba ni nzuri, ndiyo aliyoitaka, nikaikata sekunde kumi na moja. Lakini nikairudia ile ya nne, ya mbuzi. Injini inashuka sauti, kengele zao zinasikika, bonde zima nyuma yao limepakwa dhahabu, na yule mzee anainua fimbo kana kwamba tulikuwa tumeagana tangu jana. Nilikuwa nimeihesabu kuwa imeharibika.

Nikamtumia mteja zote mbili. Tiki mbili za buluu, hajajibu. Betri nne zinachajiwa ukutani, taa zao nyekundu zinawaka na kuzima.