Supu Isiyotiwa Chumvi

Mtu akikwambia Seoul ni baridi mwezi wa kwanza, usimjibu kwamba wewe umekulia Marangu. Mimi nilimjibu hivyo wakala wetu kwenye simu, nikaondoka Dar na koti moja tu, tena la mtumba, tena la Korea hiyohiyo. Asubuhi ya kwanza nilipotoka mlangoni pa hoteli kipimajoto kilisoma nyuzi 11 chini ya sifuri. Machozi yalinitoka bila huzuni yoyote.

Nilikuwa nimefuata marobota. Wauza nguo wa Karume na Ilala wanajua robota lililoandikwa Korea linavyogombewa: nguo nyepesi, saizi zinazotukaa, mara nyingi hazijapauka. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa Tanga. Tulipitia Addis Ababa, tukatua Incheon, na siku mbili tulishinda kwenye ghala nje ya mji tukiwatazama kina mama wa makamo wakichambua nguo. Mikono yao ilikuwa na kasi ambayo sijaiona popote. Mama mmoja anashika blauzi, anaigeuza mara moja, anaitupa kwenye rundo lake, na ameshashika nyingine. Ghalani hakuna moto. Siku ya pili kijana aliyekuwa akituzungusha aliniona ninavyotetemeka, akaandika kitu kwenye simu yake na kunigeuzia kioo. Programu ya kutafsiri ilisema: "Kesho asubuhi supu. Wewe unakula ng'ombe?"

Unamuuliza Mchagga kama anakula ng'ombe?

Mwenzangu alikataa kwa adabu. Yeye ni mtu wa dini. Nyama ambayo hajui imechinjwaje haipiti kooni, na supu ya mifupa huwezi kuichambua ukala huku ukaacha kule. Akaenda zake Itaewon, kwenye kilima chenye msikiti mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976, ambako migahawa ya halali imepangana kwenye mteremko. Jioni alinisimulia biriani. Sikumwonea wivu.

Mimi na kijana tulipanda treni ya chini ya ardhi, laini namba 1, ile kongwe ya mwaka 1974, tukashuka kituo cha Jegi-dong. Behewa letu lilijaa wazee. Vijana nao walikuwamo, lakini kila aliyekuwa na kigari cha kukokota alikuwa na miaka sabini na kuendelea, na wote tulishuka pamoja. Kumbe pale ndipo lilipo soko la Gyeongdong na mitaa ya dawa za asili. Unatoka kituoni pua inapokelewa na harufu ya mizizi, magome na tangawizi. Nikaona mafungu ya ginseng, pembe za kulungu zilizokatwa vipande, hata tandu waliokaushwa na kufungwa pamoja kama mchicha. Kariakoo tuna wauza dawa wetu, lakini hawana tandu, au sijawahi kuwauliza.

Kijana akanyoosha kidole kuelekea mtaa wa juu. Huko, akasema kwa msaada wa simu, kuna Seonnongdan, madhabahu ambayo wafalme wa enzi ya Joseon walikuwa wakija majira ya kuchipua kuomba mavuno mema, na mfalme mwenyewe anashika jembe la kukokotwa na ng'ombe ili raia waone kwamba kulima si aibu. Wanasimulia kwamba ibada ikiisha ng'ombe alichemshwa kwenye maji mengi, watu wote wapate, na supu ile ikachukua jina la madhabahu, hadi ikawa seolleongtang. Wengine wanasema hapana, jina limetokana na neno la Wamongolia la supu ya nyama. Mimi nilipenda hadithi ya mfalme, ila nimewahi kusimamia chakula cha msiba na najua ng'ombe mmoja anafika wapi. Kura yangu nawapa Wamongolia.

Mgahawa wenyewe ungeupita. Mlango wa kusukuma pembeni, kioo kimejaa mvuke, ndani meza sita. Hakuna picha za vyakula wala muziki. Ukutani pameandikwa vitu viwili tu, supu na sahani ya nyama ya kuchemsha, pamoja na bei. Bakuli la supu won 11,000, kama shilingi 20,000 za kwetu. Jikoni pako wazi, sufuria moja kubwa ya kuweza kumwogeshea mtoto, na mama mmoja mfupi mwenye aproni ya maua na buti za mpira.

Nilitaka kujua nimwiteje. Kwetu mama wa kuuza chakula ni mama ntilie, lakini humwiti hivyo usoni. Unasema "mama" au "dada", kutegemea umri na deni lako. Kijana akasema huyu aitwe "imo". Nikauliza maana yake. Simu ikafikiri kidogo, ikaandika: ndugu wa kike wa mama yako. Yaani mama mdogo! Nilicheka hadi mzee wa meza ya jirani akageuka. Kwao shangazi, ndugu wa baba, ana neno lake jingine, na hilo huliiti mgahawani. Anayekulisha ni wa upande wa mama. Nikaita "Imo!" kwa sauti ya Kichagga, naye akaitika kama kwamba ameniita mwanawe miaka yote.

Hakuuliza tunakula nini. Alileta tu.

Bakuli lilikuwa la udongo mweusi, zito, nene kama chungu cha bibi, na supu ndani yake ilikuwa bado inachemka hapo mezani. Mapovu yalikuwa yakipasuka ukingoni. Nyeupe. Si nyeupe ya kusema, nyeupe kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi. Juu yake vipande vyembamba vya nyama, mshipa mmoja unaong'aa, na chini, nilipokoroga, kifungu cha tambi nyembamba. Pembeni wali kwenye kibakuli cha chuma chenye kifuniko, ambacho nilikishika kwa mikono mitupu, nikakiachia. Wenyewe hawakinyanyui, kinakaa mezani na wali wanaula kwa kijiko, vijiti ni vya vitu vingine. Vijiti vyenyewe ni vya chuma, vyembamba na bapa. Kula navyo ni sawa na kuokota sindano kwa misumari miwili.

Nikaonja supu. Hakuna kitu.

Nikaonja tena. Kulikuwa na harufu ya mfupa, na utamu wa mbali, ila chumvi hata punje. Nikafikiri mama wa watu amesahau, maana hutokea, asubuhi nyingi, wateja wengi. Nikawaza nikae kimya nisimwaibishe mbele ya wateja. Yule mzee wa jirani, ambaye kwa harufu yake usiku wake ulikuwa mrefu, alinitazama akashindwa kuvumilia. Alisukuma kibuyu cha chumvi kuelekea kwangu, akachota kijiko kidogo nusu hewani, kunionyesha. Kisha akaonyesha bakuli la majani ya vitunguu yaliyokatwakatwa: hayo usipime. Kisha pilipili manga.

Supu hii haitiwi chumvi jikoni. Imo anampa kila mtu mfupa uliokwisha toa kila ulichonacho, chumvi ni ya mlaji. Nikatia, nikakoroga, nikaonja, na ile supu iliyokuwa kimya ikaanza kusema. Sijui niiandikeje vizuri zaidi. Ulimi ulikuwa uleule, bakuli lilelile.

Nilimuuliza imo kwa simu kama ndani mna maziwa. Alisoma, akakunja uso. Nadhani aliwahi kuulizwa na wageni wengine. Akanishika mkono hadi kwenye sufuria. Mifupa inalowekwa kwenye maji baridi damu itoke. Inachemshwa mara ya kwanza, maji yale yanamwagwa. Ndipo kazi inaanza, na hapo akahesabu kwa vidole, saa za usiku kucha, moto mkali, maji yakipungua anaongeza. Weupe unatoka humo: uboho na mafuta yanapigwapigwa na maji yanayochemka hadi yanachanganyika yasionekane tena. Supu yetu ya makongoro ukiiacha itokote polepole kwenye mkaa inabaki na rangi ya chai hafifu, mafuta yameelea juu. Mifupa ni ileile. Moto ndio tofauti.

Tambi nazo zina hadithi. Miaka ya 1960 na 1970 mchele ulikuwa haba, serikali ikawa inahimiza watu wapunguze wali na kuchanganya nafaka, ngano hasa, na migahawa ikabanwa kufuata. Ndipo tambi zikaingia kwenye supu kujazia. Sasa mchele upo wa kutosha, tambi hazijaondoka. Kijana wangu, aliyezaliwa baada ya hayo yote, alizila kwanza kabla ya kitu kingine. Alisema bila tambi siyo yenyewe.

Basi mimi nikaharibu. Mtu wa Dar akipewa supu anatafuta ndimu. Nikaandika "ndimu" kwenye simu, imo akasoma, akamtazama kijana, kijana akatazama dari. Ndimu hamna. Kilichokuwapo mezani ni chungu kidogo cha kkakdugi: figili nyeupe zilizokatwa vipande vya mraba, zimechachushwa kwa pilipili nyekundu na kitunguu saumu. Figili kubwa unazikata kwa mkasi, mkasi kabisa, upo mezani pamoja na vijiko. Nilikuwa nazitafuna pembeni kama kachumbari. Imo alinyang'anya kijiko changu, akachota mchuzi mwekundu wa zile figili, akamwaga kwenye supu yangu nyeupe bila kuniomba ruhusa. Rangi ikageuka ya waridi, kisha ya machungwa. Nikaonja, na ndimu yangu ilikuwa humo. Ukali wa kuchacha, ule unaokata mafuta kooni, wao wanautoa kwenye figili. Nikamwaga wali wote ndani, kama nilivyoona mzee amefanya, na kuanzia hapo sikusema na mtu.

Mzee alimaliza kabla yangu. Akatoa pumzi ndefu, "aaah", ya mtu aliyerudishiwa mwili wake. Wana aina nzima ya supu kwa kazi hiyo, haejangguk, na mtaa wa Cheongjin-dong katikati ya mji ulipata sifa kwa ajili yake. Sisi tunasema kuzimua. Sikuhitaji simu kumwelewa.

Tulilipa mlangoni. Nilitoa noti kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeushika kiwiko, kama nilivyofundishwa na bibi kumpa mtu mzima kitu. Imo akapokea kwa namna ileile, mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo. Kijana akaniuliza nani amenifundisha adabu ya Kikorea. Bahashishi hapokei. Karibu na mlango kuna mashine kuukuu ya kahawa, bure kwa aliyekula. Inatoa kikombe cha karatasi kisichozidi kikombe cha mwuza kahawa wa Kariakoo, tamu ya kukwaruza meno. Tuliinywa barabarani tumesimama.

Siku zilizobaki nilikula mengine. Mchuzi wa tofu laini wenye yai bichi linaloivia mbele yako, mzuri. Mchuzi wa kimchi, kabichi yao ya kuchachushwa kwa pilipili, na nguruwe, mzuri zaidi. Tulifika hadi Uijeongbu, mji ulio kaskazini mwa Seoul, kula budae jjigae, soseji na nyama ya kopo ndani ya pilipili na kimchi, chakula kilichozaliwa baada ya vita vya 1950 hadi 1953 watu walipokuwa wakipata mabaki kutoka kambi za Wamarekani. Nilimwambia kijana kwamba hiyo ni mitumba ya kula. Simu ilitafsiri kitu, sijui nini, akaitikia kwa heshima.

Lakini kwa imo nilirudi mara tatu. Mara ya pili nilizidisha chumvi, nikala hivyohivyo. Mara ya tatu nilimwonyesha picha ya mtori, ndizi zilizopondwa na mifupa ya ng'ombe, nikamwambia hii ndiyo supu ya mama zetu wakijifungua. Aliitazama sana. Akaonyesha tumbo kwa kidole chake, akabeba mtoto wa hewani, kisha akaandika jina la mwani. Wao mzazi hulishwa supu ya mwani. Akanijazia nyama.

Siku ya mwisho nilinunua bakuli la udongo pale sokoni Gyeongdong, jeusi, dogo, won elfu chache. Nililibeba mapajani kutoka Incheon hadi Addis Ababa na kutoka Addis Ababa hadi Dar, nimelizungushia sweta mbili. Marobota yalikuja baadaye kwa meli. Mama watoto alilifungua, akaligonga kwa ukucha, akauliza kama Tegeta hakuna wafinyanzi. Sasa linakaa karibu na jiko, anawekea vitunguu saumu.