Yoga kwa mwenye kiwewe: kiti cha plastiki, mlango wazi na hiari

Mwalimu wa yoga akimshika mwanafunzi bega kutoka nyuma ili amnyooshe, mwanafunzi wa kawaida hunyooka na kuendelea. Mwenye kiwewe huganda. Pumzi humkwama kifuani, macho humkodoka, viganja vikampoa, na baada ya siku hiyo haonekani tena darasani. Nyumbani akiulizwa atajibu kuwa yoga haikumfaa. Kilichomdhuru ni ule mkono, na huenda mwalimu mwenyewe hajui hata leo.

Kiwewe tunachokizungumzia hapa si hofu ya siku mbili tatu baada ya ajali. Ni hali ambayo madaktari huiita PTSD, jina lililoingia rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Dalili zake hupita mwezi mzima bila kutulia: majinamizi, tukio kurudi kana kwamba linatokea sasa hivi, kukwepa mahali au watu fulani, kushtuka kwa mlio mdogo, hasira za ghafla, na moyo kufa ganzi hata mtu asiweze kuwafurahia wanawe. Mombasa hali hii ina sura zake. Ni aliyenusurika mkasa kama ule wa feri ya Mtongwe wa tarehe 29 Aprili 1994, ulioua watu 272, ambaye akisikia honi ya feri jasho linamtoka. Ni aliyekimbia nyumba yake wakati wa machafuko ya Likoni ya mwaka 1997. Ni mwanamke anayenyamaza ghafla kila anaposikia ufunguo ukizungushwa mlangoni. Mara nyingi jamaa husema amekumbwa, wakampeleka akasomewe. Dua haina ubaya, na anayepata utulivu kwa kusomewa asinyang'anywe utulivu huo. Tunaloomba ni kwamba hospitali nayo isiachwe.

Kwa nini mwili uhusishwe? Hatari inapokuja, mwili hujiandaa kupigana, kukimbia au kuganda, na hufanya hivyo kabla akili haijapata nafasi ya kufikiri. Kwa mwenye PTSD, hatari imepita lakini mwili haujapewa habari. Moyo unaenda mbio akiwa ameketi barazani, au kinyume chake hahisi kitu chochote kuanzia shingoni kwenda chini. Unaweza kumweleza mara mia kuwa yuko salama, naye akakubali kwa dhati, na bado mabega yakabaki yamepanda masikioni. Mwili unafundishwa kwa njia ya mwili.

Utafiti unaotajwa zaidi kuhusu yoga na kiwewe ni ule wa daktari wa akili Bessel van der Kolk na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014. Walichukua wanawake 64 ambao kiwewe chao kilikuwa kimedumu na matibabu hayakuwa yamekimaliza. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kwa wiki, kwa wiki 10; kundi la pili lilipata mafunzo ya afya ya wanawake kwa muda uleule. Mwishoni, 16 kati ya 31 wa yoga hawakuwa tena na vigezo vya PTSD, na kwa kundi la pili ni 6 kati ya 29. Ni utafiti mdogo, tena wa wanawake watupu, kwa hivyo hatuwezi kuubebesha mzigo mkubwa. Yoga haichukui nafasi ya tiba ya mazungumzo inayoshughulikia tukio lenyewe, wala ya dawa kama sertralini na paroksetini. Inatembea pamoja nazo. Anayetumia dawa hizo asiziache ghafla kwa sababu ameanza kulala vizuri. Hilo ni la kupanga na daktari.

Yoga iliyotumika hapo ilijengwa Massachusetts, Marekani, na mwalimu wa yoga David Emerson na wenzake, na kiini chake hakiko kwenye mikao. Kiko kwenye hiari. Aliyeumizwa alinyimwa uamuzi juu ya mwili wake mwenyewe, na kila zoezi ni nafasi ya kuurudisha uamuzi huo, hata kama ni wa jambo dogo kama kuinua mkono au kutouinua. Hiari yashinda utumwa, walisema wazee. Anayesimama katikati ya zoezi kwa sababu ametaka kusimama, huyo zoezi amelifanya.

Hapa kwetu kuna mtego ambao walimu wengi hawauoni. Wanafundishwa waseme "ukipenda" na "ukitaka", nao husema. Lakini mtoto aliyelelewa Mombasa, aliyekaa mbele ya mwalimu wa madrasa tangu ana miaka mitano, akisikia "ukipenda, inua mkono" anasikia amri iliyopakwa adabu. Atainua, hata kama bega linauma, maana kumkatalia mwalimu ni kukosa heshima. Neno pekee halitoshi. Toa njia mbili za kweli, na mwalimu azifanye zote mbili mbele ya watu: "Waweza kuinua mikono mpaka juu ya kichwa, waweza kuiacha mapajani. Mimi naanza na mapajani." Wakiona mwalimu mwenyewe ameiacha mapajani, hapo ndipo wanaamini. Na muulize kila mtu aitwe nani. Neno kama mjomba au ami, tunalolitumia kwa heshima tu, kwa mwingine ndilo jina la aliyemuumiza.

Chumba kina mambo yake. Watu wasizidi wanane hadi kumi, na kati ya mkeka na mkeka uwezekane kunyoosha mkono bila kumgusa jirani. Mlango usifungwe kwa ufunguo na uonekane kutoka kila mahali. Anayetaka kukaa akiuegemea ukuta na kuutazama mlango, apewe nafasi hiyo kwanza. Mwalimu asizunguke nyuma ya watu. Abaki mbele, afanye mazoezi pamoja nao. Taa ziwake. Usichome udi, hata kama unapenda, maana harufu hurudisha kumbukumbu haraka mno, na mtu hatakwambia kwa nini ametoka nje. Kamba za kujivutia miguu zisiwepo kabisa, hata pembeni, kwa sababu ya wale waliowahi kufungwa. Stima ikipotea, watu wajue mapema kitakachotokea: taa ya betri iko pale dirishani, mimi nitaiwasha, nanyi mtabaki mlipo au mtatoka, vyovyote. Sema hivyo mwanzoni mwa kila kipindi, hata kama umesema wiki iliyopita.

Madarasa ya wanawake yawe ya wanawake, mwalimu awe mwanamke, na madirisha yafunikwe kwa pazia jepesi linalopitisha upepo ili mwenye buibui aweze kulivua akitaka. Wakati mzuri ni baada ya swala ya alasiri, saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja na nusu, watu wawahi nyumbani kabla ya magharibi. Kuna wanaohofia kwamba yoga ni ibada. Hofu yao isidharauliwe. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye nyimbo na itikadi za dini nyingine. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa mchezo wa mazoezi. Darasa la tiba halihitaji kuimba om, wala kuunganisha viganja, wala majina ya Kisanskriti. Mkao uitwe kwa Kiswahili, kwa kile ambacho mwili unafanya.

Sasa zoezi lenyewe. Anzeni kwenye kiti, kile cha plastiki kisicho na mikono kinachopatikana kila nyumba. Keti mbele kidogo, mgongo usiegemee au uegemee, upendavyo. Nyayo zifike chini zote mbili. Zisipofika, kunja leso mara nne uiweke chini yake. Kandamiza nyayo sakafuni kwa sekunde tano, kisha legeza. Rudia mara tatu hadi tano. Halafu angalia unachohisi, kama kipo: saruji ni ya baridi? Kisigino kinagusa zaidi kuliko vidole? Mguu wa kushoto ni sawa na wa kulia? Jibu "sihisi kitu" ni jibu kamili. Baadaye weka kiganja juu ya paja, inua goti kiasi cha vidole vinne, usikie msuli ukikaza chini ya kiganja, kisha ushushe usikie ukilegea. Kwa mtu ambaye mwili wake umekuwa kama nyumba ya jirani, msuli huo unaokaza na kulegea kwa amri yake mwenyewe ni jambo kubwa. Wengine hukaa kwenye zoezi hilo moja wiki tatu. Waacheni.

Kisha geuza kichwa polepole, utazame mlango, dirisha, dari, ukutani. Hii huwapa macho nafasi ya kuuhakikishia mwili kwamba hakuna anayevizia. Baada ya hapo, anayetaka asimame akishika mgongo wa kiti, mguu mmoja mbele, goti la mbele limekunjwa kidogo, wa nyuma umenyooka. Mkao wa kusimama imara huwafaa wengi kuliko ule wa kulala, kwa sababu miguu inakumbuka kuwa inaweza kuondoka.

Pumzi ije baadaye, si mwanzoni. Wengi hufundishwa kinyume, nako ndiko kunakoharibika: mtu aliyewahi kukabwa au kuzama, ukimwambia atazame pumzi yake, hofu inapanda. Akiwa tayari, jaribuni kuvuta kwa hesabu ya tatu na kutoa kwa hesabu ya nne. Baada ya wiki kadhaa, nne na sita, ambayo ni pumzi sita kwa dakika hesabu moja ikiwa sekunde moja. Kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda moyoni, hupunguza mwendo wa moyo. Hesabu kwa pingili za vidole, kama tuhesabuvyo uradi. Dakika mbili zinatosha. Msizuie pumzi, na mazoezi ya kupumua kwa kasi yaachwe. Kizunguzungu na moyo kudunda vinafanana mno na shambulio la hofu.

Mikao ya kulala chali na miguu wazi, ya kuinamisha kichwa chini huku makalio yakiwa juu, na ya kusujudu uso ukiwa mkekani mbele ya watu, iondolewe miezi ya mwanzo. Hata kulala chali mwishoni kwa macho yaliyofungwa, ambako kwa wengine ndiko utamu wa yoga, kwa mwenye kiwewe huwa ndiko pagumu zaidi. Aketi ukutani, macho yatazame sakafu, leso begani. Dakika mbili, si kumi.

Hata mkijitahidi, siku moja mtu ataganda. Yupo lakini hayupo: macho hayapepesi, hajibu. Usimguse. Kaa mbele yake, chini ya usawa wa macho yake, umwite jina kwa sauti ya kawaida. Mwambie mlipo: "Tuko Mombasa, leo ni Jumanne, ni alasiri, mlango ule pale." Mpe chupa ya maji baridi aishike, au nusu ya ndimu anuse. Akianza kurudi, ataje vitu vitano anavyoviona. Usimwambie avute pumzi ndefu, wala usimuulize amekumbuka nini. Masimulizi yana mtaalamu wake na wakati wake. Wengi hurejea polepole, wamechoka kama waliobeba magunia. Asiachwe apande bodaboda peke yake.

Kipindi kimoja kwa wiki kwa wiki 10 ndicho kipimo cha chini, pamoja na dakika kumi nyumbani siku tatu au nne. Ramadhani fupisheni, fanyeni mazoezi ya kiti tu, nusu saa kabla ya futari au baada ya tarawehe. Msipime maendeleo kwa kunyooka kwa mgongo. Ulizeni: amelala saa ngapi? Amepanda feri? Amemkatalia mtu jambo bila kutetemeka? Wiki ya tatu au ya nne wengine huzidiwa kidogo kwa sababu ganzi inatoka na hisia zinaingia. Wakijua mapema, hawakimbii. Lakini majinamizi yakizidi wiki mbili mfululizo, punguzeni na mzungumze na mtaalamu.

Anayewaza kujiua, na anayeishi bado na anayempiga, waanzie kwingine. Hospitali ya Rufaa ya Pwani ina huduma kwa waliodhulumiwa kijinsia, Port Reitz ina huduma ya afya ya akili, namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo, na 116 ni ya watoto. Mwenye shinikizo la damu, glakoma (presha ya macho), kifafa au mimba amwambie mwalimu kabla ya kuanza.

Na kabla ya kulipa darasa lolote, mpigie mwalimu simu umuulize swali moja: nikija nikakaa karibu na mlango saa nzima bila kufanya zoezi hata moja, itakuwa sawa? Akisema ndiyo bila kusita, nenda. Akianza kukueleza faida za kushiriki, tafuta mwingine.